Beti za Mama Kaswera Sokoni Bwera

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Kaswera ni kwamba hakumpa mteja maharagwe kabla mteja hajakariri ubeti wake. Aliyekumbuka alipata bakuli lililojaa mchuzi. Aliyesahau alikula makavu.

Jina lake ni Geneviève Mbambu. Alikimbia vita upande wa Butembo mwaka 1964, akavuka mto wa mpakani usiku, akiwa amembeba mgongoni binti yake wa pekee, Kaswera, mtoto wa miaka sita. Leo, mwaka 1976, anauza chakula katika soko la Bwera, na hakuna harusi ya Wakatoliki wa hapa inayopita bila shairi lake.

Anatunga akichambua maharagwe, kwa sauti ya chini. Ubeti ukikamilika, anawafundisha wateja wake, kisha anawaacha waende zao, huyu Maliba, yule Kasese. Siku ya soko inayofuata anawadai. Walichosahau, anakitupa. Kalamu anaishika mwisho kabisa.

"Batu banasahau, basi haiko shairi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Iko kelele tu."

Mwezi huu anatunga shairi la harusi ya Kaswera mwenyewe, anayeolewa na Katembo, mkulima wa kahawa wa Maliba. Beti mbili za kwanza zilipita bila shida. Ubeti wa tatu, unaosimulia usiku ule wa kuvuka mto, ndio alioupenda kuliko yote. Soko lililopita alimwita Muhamood, dereva wa lori la samaki linalokwenda Kikorongo.

"Haya, wa tatu!"

Muhamood alikuna kichwa. "Mama Kaswera, unauza chakula ama unatoa mtihani?"

"Sema!"

"Nyamaza, mutoto wangu, muto una masikio..." Akatikisa kichwa. "Basi. Zingine zimeangukia njiani."

Hanifah, muuza vitenge wa meza ya pili, naye alikumbuka mstari huo huo mmoja.

"Ubeti ule nililia nikiutunga!" Mama Kaswera akang'aka.

"Ulilia wewe, mama," Muhamood akajibu. "Sisi tulikuwa tunakula."

Hanifah alicheka mpaka akashika meza. Mama Kaswera hakucheka. Alimpakulia Muhamood maharagwe makavu kabisa, akageuka, akaketi juu ya gunia lake. Ningekuwa mimi, ningeutetea ubeti wangu. Yeye aliutupa wote, akabakiza mstari ule mmoja, akaanza upya huku vidole vikichambua. Muhamood alipokuwa akinawa mikono, Mama Kaswera alimwita tena. Akamkariria:

Nyamaza, mutoto wangu, muto una masikio,
Ushike mugongo wangu, ng'ambo iko kimbilio,
Leo toka nyumba yangu, toka pasipo kilio,
Sasa cheka, mwana wangu, muto hauna sikio.

Muhamood alirudia mara moja, polepole, kisha akasogeza bakuli lake mbele. Mama Kaswera alilijaza mchuzi hadi ukingoni.

"Usinisifu," alimwonya. "Enda na ubeti hii Kikorongo. Ukirudi nayo yote, nitaisema mbele ya wakwe. Ukiiangusha njiani, binti yangu ataolewa kwa beti mbili tu."

Kaswera hajausikia hata mstari mmoja. Amepelekwa kwa shangazi yake Bugoye mpaka siku yenyewe, na wateja wote wameapishwa wasimkaririe.

Harusi ni kesho. Leo ni siku ya soko, na lori la Muhamood linatarajiwa, safari hii likiwaleta wageni kutoka Kasese. Mama Kaswera amevaa kitenge kipya tangu asubuhi, ingawa moshi wa kuni utakiharibu. Bakuli moja ameliweka kando, tupu, limefunikwa kwa sahani. Kila injini inaponguruma upande wa barabara, mwiko wake unasimama hewani, na sisi tulio kwenye benchi tunageuza shingo pamoja naye.