Prosesi Iliyomnyima Fundi Kaburi

Wasomaji wangu, Jumanne tulimzika fundi wangu wa nguo, mama mmoja wa mtaa wa Nyasho aliyenishonea mashati kwa miaka mingi na kunisema kila nilipoongeza tumbo. Tumemzika kwenye makaburi ya mjini Musoma, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Huku kwetu mtu huzikwa nyumbani. Yeye hakuolewa, lakini nyumbani alikuwa nako: shamba aliloachiwa na baba yake upande wa Butiama, na kaburi la mama yake limo humo humo. Alichoomba katika miaka yake ya mwisho kilikuwa kimoja tu, alazwe ubavuni mwa mama yake. Hakukipata, na waliomnyima ni watu wanaojificha nyuma ya neno moja la Kiingereza, prosesi.

Neno lenyewe mnalijua. Ukiagiza samaki sato pale stendi ya Bunda, ukakaa saa nzima, ukiuliza unaambiwa yuko kwenye prosesi, yaani hajanunuliwa bado. Mvuvi wa Kibara ukimuuliza injini ya mtumbwi wake, iko kwenye prosesi, yaani imelala kwa fundi tangu masika. Uhamisho wa mwalimu uko kwenye prosesi, posa iko kwenye prosesi, hata choo cha zahanati ambacho shimo lake halijachimbwa. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Tulikopa meza, tukakopa shule na gari, na hakuna aliyeumia. Hili linaniudhi kwa sababu lina matumizi mengi na yote yanafanya kazi ile ile: kumfukuza anayeuliza bila kumpa jina la mtu wala siku ya kurudi.

Kwa fundi wangu lilianza kwa heshima. Walifika shambani kwake wapimaji wawili wenye makaratasi, wakamwambia prosesi ya upimaji imeanza, aweke mipaka wazi kwa sababu bikoni, yale mawe ya mipaka, zinakuja. Mpaka wa shamba lile ulikuwa minyaa iliyopandwa na baba yake, mpaka ambao kijiji kizima kiliuheshimu. Basi akatafuta vibarua, wakasaidiana naye kuing'oa yote, wakaichoma moto. Alinisimulia kisa hicho huku akinipima mabega. "Kaka, mimi nilikuwaga najua serikali ikisema imeanza, imeanza kweli. Baba alikuwaga anaikatia ile minyaa mwenyewe kila kiangazi. Nimeing'oa na mikono yangu, hata sikungoja wiki." Bikoni hazikuja. Msimu uliofuata jirani alilima mpaka hatua chache kutoka kwenye kaburi la mama yake, akasema mpaka ndipo ulipokuwa siku zote. Akafungua shauri ofisi ya ardhi, ikatoka amri kwamba mtu yeyote asilime, asijenge wala asichimbe pale mpaka prosesi iishe.

Siku moja nilimsindikiza ofisini hapo. Karani hakuinua hata uso. "Mama, faili lako liko kwenye prosesi."

"Sawa, mwanangu. Huyo Prosesi anakaaga wapi? Nimfuate nyumbani kwake nikamsalimie."

Watu kwenye benchi walicheka, karani naye akacheka. Fundi wangu hakucheka. Alisimama palepale na mkoba wake, akimtazama yule karani, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akasema taratibu, "Mimi nauliza kweli. Nina umri, nataka nijue nitalala wapi." Karani aliita mtu mwingine, na sisi tukatoka kwenda kupanda gari la kurudi Nyasho.

Alipofariki, ndugu zake walikwenda ofisi ile ile kuomba ruhusa ya kuchimba kaburi moja tu. Wakaambiwa ombi limepokelewa, liko kwenye prosesi. Mwili ulikaa mochwari siku nne, ndugu wakachoka, wakaamua mjini. Na makaburini alifika afisa, amevaa suti, akatoa pole na kusema shauri la marehemu lilikuwa limefika hatua nzuri. Nzuri kwa nani? Mama wa watu yuko ndani ya sanduku, na yule bwana anatuletea habari za hatua!

Ningeishia hapo ningekuwa mnafiki. Mwaka jana fundi wangu aliniomba niliandike jambo hili kwenye safu hii, maana aliamini ofisi zinaogopa gazeti. Nilikubali. Kila nilipokwenda kuchukua nguo aliniuliza, "Kaka, lile andiko letu?" Na mimi, mtu ninayekula kwa kuandika, nilimjibu kuwa liko kwenye prosesi. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Mara ya mwisho alinitazama kama alivyomtazama yule karani, akanikunjia shati langu, akanipa. Hakuniuliza tena. Naona aibu kuyaandika haya, na ninastahili aibu hiyo. Wewe uliye ofisini, dukani, au nyumbani kwako, kama kazi ya mtu hujaianza, mwambie usoni kwamba hujaianza. Mimi ningemwambia hivyo, angetafuta mwandishi mwingine akiwa bado hai.