Chumba cha Watu Wawili Hoi An

Ijumaa tulikuwa familia. Siku sita zilizobaki nilikuwa bachela, ingawa mke nilikuwa naye, wa ndoa, cheti kipo na mahari nilitoa. Lakini Doha ya miaka ile mwanamume anayelala kempu, kambi ya wafanyakazi, ni bachela tu, hata awe na wake wanne. Mimi nilikuwa naendesha basi la kampuni, nawapeleka mafundi saiti alfajiri na kuwarudisha jioni, nalala Industrial Area, chumba kimoja watu wanane. Mke wangu alikuwa anasafisha vyumba katika hoteli moja ndefu ya West Bay, analala upande wa pili wa mji katika jengo la wanawake wa hoteli, chumba kimoja watu sita. Mimi kuvuka geti lao ni marufuku. Yeye kukanyaga kwetu ni kesi. Mume na mke, mji mmoja, na hatuna hata mlango wa kufunga!

Ijumaa maduka makubwa yalikuwa ya familia. Mlinzi wa mlangoni, Mkenya mmoja mwenye maneno, nikienda peke yangu alikuwa ananirudisha: "Buda, leo ni ya mafamilia, utanifutisha job." Nikitokea na mke wangu ananipigia saluti: "Karibu, mzee wa familia!" Tulikuwa tunacheka. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Tukishazunguka tunakwenda mtaa wa Najma, kwenye kafteria ndogo iliyokuwa na upande wa familia nyuma ya pazia. Tunaagiza chai ya maziwa na chapati, tunavuta pazia. Lile pazia la kahawia lenye madoa ya mchuzi ndiyo ilikuwa nyumba yangu ya ndoa kwa miaka yetu yote ya Doha. Na hapo ndipo Vietnam ilipoanza.

Mgeni mmoja wa hoteli alisahau kitabu chini ya mto. Kwao kitu kilichosahaulika kinawekwa stoo miezi mitatu. Mwenyewe asipokidai, anapewa aliyekiokota, pamoja na karatasi ya kumpitisha getini asije akaitwa mwizi. Miezi mitatu ikapita, mke wangu akaja nacho Ijumaa kakifungia kwenye mfuko wa nailoni. Kitabu cha kuongoza watalii, kinene, picha tupu: milima iliyosimama ndani ya bahari, mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi ngazi, mji wa zamani wenye taa za karatasi za kila rangi.

"Vietnam?" nikamwambia. "Si kule kwenye vita?"

"Vita vilikwisha kabla hujazaliwa. Soma na wewe, usiwe unasikia tu."

Nilidhani ni mchezo. Ijumaa ya tatu nikaona ana daftari, na kwenye daftari ameandika siku ya kwanza mpaka ya kumi. Nikamuuliza kwa nini tusiende kwetu Tanga kama watu wengine. Akafunga daftari. "Kwenu Tanga mara ya mwisho nililala wapi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Alilala na mama yangu. Mama alikuwa amemkumbuka mno mkwe wake, akasema huyu analala kwangu, tupige soga. Likizo nzima! Mimi nikalazwa sebuleni na wajomba waliokuja kunisalimia wakagoma kuondoka. Mchana nyumba imejaa, maboksi yanafunguliwa, huyu anataka kujua viatu vyake viko wapi, yule simu. Halafu kabla ya kuondoka shangazi anamgusa mke wangu tumbo na kuuliza, "Bado tu?" Bado tu! Kama vile mimba hutumwa kwa posta.

"Nataka siku kumi," akasema nyuma ya pazia. "Chumba chetu, ufunguo wetu. Nikiamka nikuone wewe, nisione migongo ya watu watano. Baada ya hapo nipeleke Tanga, nipeleke unakotaka."

Na mimi nilitaka. Sitaki mtu afikiri sikutaka. Nilitaka mpaka nikawa naendesha basi nahesabu Ijumaa.

Tukapanga kwa mwaka mzima na zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma, mimi naitikia na kubisha. Hoteli alichagua za wastani. Za kifahari alisema anazijua mashuka yake, ameyatandika vya kutosha, na zile za bei ya chini kabisa zina vitanda vya juu na chini. "Nimechoka kulala na watu nisiowajua." Kwa sababu hiyo hiyo akaikataa treni ya kulala, chumba kimoja vitanda vinne, tutapanda basi la mchana, tuone nchi. Hanoi siku tatu. Usiku mmoja kwenye meli ndogo kati ya ile milima ya baharini. Siku moja Hue kwenye makaburi ya wafalme wao. Halafu Hoi An, ule mji wa taa, siku tano. "Tano zote?" nikabisha. Akasema huko kuna chumba chenye dirisha la mtoni, na hataki kukimbizwa.

Chakula ndicho kilichotugombanisha. Mimi nilisema tutakufa njaa, nguruwe yuko kwenye kila sufuria. Yeye akaenda kumuuliza mama mmoja wa Kivietnam aliyekuwa jikoni kwao, akarudi na majibu: Hanoi kuna msikiti na watu wanapika karibu nao, huko ndiko tutakula ile supu yao ya tambi na nyama ya ng'ombe, kwingine tule samaki na mboga. Yule mama akamwandikia na vikadi viwili kwa lugha yao, kwamba mwenye kadi hii hali nguruwe. Kimoja chake, kimoja changu. Changu nikakitia kwenye pochi.

Na kahawa. Kitabu kilisema kahawa ya kule inachujwa mezani kwako, kichujio kidogo cha bati kinakaa juu ya kikombe, inadondoka tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo, na usiwe na haraka. Mke wangu alipasoma hapo mara mbili. "Umeona? Watu wamekaa tu, wanatazama kahawa. Na sisi tutakaa hivyo mpaka tuchoke."

Likizo zetu zikakubaliwa pamoja, mwezi wa kumi. Wanaojua kazi za kule wanajua hiyo ni bahati ya namna gani: kampuni mbili, wakubwa wawili, na kila mmoja lazima akusainie ruhusa ya kutoka nchini. Kitabu kilisema mwezi wa kumi Hoi An kuna mvua. "Mvua ndiyo ninayoitaka," akasema. "Jua la hapa limeniota mgongoni."

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Furaha ilinizidi. Kesho yake nikampigia mama simu, nikamwambia, "Mama, likizo yangu imepitishwa, mwezi wa kumi!" Nikataja na tarehe. Vietnam sikuitaja. Ningeanzaje? Likizo kwetu maana yake ni kurudi nyumbani, haina maana nyingine. Mama akapiga vigelegele sikio likaniziba. Siku mbili baadaye akapiga yeye: mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amechumbiwa muda mrefu, harusi wameipanga ndani ya likizo yangu. Baba alishafariki, mimi ndiye kaka mkubwa, mimi ndiye walii wa kumwozesha. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu, mwanangu."

Nikasema, "Inshallah, mama."

Hayo ndiyo yaliyonitoka. Ijumaa iliyofuata nikaenda Najma nimejiandaa kumwambia mke wangu, pazia likavutwa, akafungua daftari, amepata mahali pa kukodi baiskeli. Sikusema. Ijumaa ya pili akaja amechapisha barua za viza, yake na yangu, akanionyesha jina langu limeandikwa sawasawa. Sikusema. Katikati ya wiki nikaenda ofisini kwetu nikaomba ruhusa ya kutoka kwenda Dar es Salaam. Ijumaa ya tatu akanisomea kitabu, na mimi namwitikia, enhe, enhe, naomba na chapati nyingine. Mungu anisamehe, nilikula na nikashiba.

Ijumaa ya nne alikuja bila daftari. Chai ikaletwa, hakuigusa.

"Nimempa mama kipimo changu," akasema.

"Kipimo cha nini?"

"Cha gauni la sare. Harusi ya wifi yangu. Kanipigia kuniuliza kifua na kiuno, kitenge wameshanunua. Wewe umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Mama kasema mwezi sasa."

Nikaanza kujitetea, na nikijitetea huwa napandisha sauti. Nikamwambia hajui uzito wa walii. Akasema anaujua kuliko mimi. "Baba yako mdogo yupo, mzima. Mpe uwakili kwa simu aozeshe kwa niaba yako. Wenzako wangapi hapa wameozesha dada zao kwa simu? Ndoa zao si ndoa?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. "Mimi ndiye baba yao sasa," nikasema, kifua mbele. Kifua gani? Dereva wa basi la kempu!

"Na kwangu mimi ni nani?"

"Wewe mke wangu. Utaelewa."

"Hiyo kazi ya kuelewa nimeifanya miaka minne," akasema. "Leo naacha. Ruhusa yangu imeshasainiwa, naenda. Chumba cha Hoi An kina majina mawili, na silifuti lako. Akili ikikurudia utanikuta."

Akafungua pazia mwenyewe akatoka.

Nilikuwa na siku tisa kabla ya safari. Barua ya viza ninayo, kadi ya nguruwe ninayo, na karani wa ofisi yetu aliniambia safari yangu inaweza kubadilishwa mpaka Alhamisi. Jumatano nikafika mlangoni kwa karani. Nikafikiria mama akiwaambia watu kwamba mwanawe mkubwa kaenda kutembea, kutembea tu, wakati dada yake anaolewa. Nikageuka. Mke wangu sikumpigia, nilisema atapoa.

Harusini nikaketi mkekani nimevaa kanzu mpya, nikashika mkono wa bwana harusi nikatamka. Ilichukua dakika tano. Baba mdogo alikuwa ameketi ubavuni kwangu, sauti yake nzuri ya msomaji wa maulidi, angetamka vizuri kuliko mimi. Walioniuliza mke wangu yuko wapi niliwajibu kazi imemkatalia. Wakasikitika, wakalaani kazi za Uarabuni, na mimi nikalaani pamoja nao. Mama akanipa gauni la sare limekunjwa vizuri nimpelekee.

Tulipokutana tena Najma alikuwa amekonda kidogo na amepata rangi nzuri. Akalipokea gauni, akashukuru, akauliza harusi ilikwendaje, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza na yeye, kulikuwaje?

"Kulikuwa na mvua."

"Na kitabu?"

"Nimekiacha chumbani. Anayesafisha pale labda atasubiri miezi mitatu."

Nilimuuliza Ijumaa zilizofuata kwa upole, nikamuuliza kwa hasira, mara moja nikamuuliza kwa machozi. Anajibu kwa adabu kama mtu wa mapokezi: pazuri, chakula kizuri, watu wazuri. Hatukuachana. Tulimaliza mikataba yetu, tukarudi Tanga, tukajenga vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake. Mtoto hatukujaliwa.

Mwaka wa kwanza tumehamia, mdogo wangu na mumewe walikuja kututembelea mchana. Shemeji alikuwa ameona Vietnam kwenye televisheni, akauliza, na mimi nikaanza. Nikamweleza milima ya baharini, makaburi ya Hue, taa za Hoi An zinavyowashwa, kahawa inavyochujwa tone kwa tone. Nilieleza nusu saa. Shemeji akasema, "Kumbe kaka umefika!" Nikatabasamu, sikukanusha. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda mlangoni anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

Wageni walipoondoka akasema, bila kunitazama, "Kahawa hukuieleza vizuri."

Miaka mitatu nilikuwa naingoja sentensi hiyo.

"Pale Hoi An asubuhi alikuwa analeta binti mmoja," akasema. "Karatasi yake imeandikwa watu wawili, basi anaweka vikombe viwili, na vichujio viwili. Inadondoka polepole kweli, kitabu hakikusema uongo. Siku ya kwanza nilikunywa vyote viwili, nikatetemeka mikono mpaka adhuhuri. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, nikawa nakiacha chako kipoe. Kila mlango ukifunguka naangalia."

Akapeta mchele, akapuliza pumba.

"Siku ya tano akaja navyo viwili kama kawaida. Nikamwambia kimoja atoe, haji."

Akainuka na ungo wake, akaenda kuosha mchele.