Kura Arobaini na Moja za LaVonne

LaVonne Sedlacek aliingia jikoni mwa shule yetu kumshikia mtu nafasi kwa wiki mbili, akakaa miaka ishirini na saba. Mpishi wa zamani alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Mkurugenzi wa wakati ule akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaweza kumenya viazi vya watoto tisini, na LaVonne, aliyekuwa ameolewa kwetu mwaka huohuo kutoka kaunti ya jirani, akasema yeye ataweza, mradi asisimamiwe. Hakuna aliyemsimamia tangu siku hiyo.

Watu wa mjini wakisikia wilaya ya shule hufikiria maofisi na makarani. Yetu ni jengo moja la matofali pale Milbach, mabasi mawili na watoto sitini na watatu, kuanzia chekechea hadi darasa la mwisho. Mkurugenzi Duane Klasek hufundisha hesabu asubuhi, mchana huendesha basi la kaskazini, na Ijumaa utamkuta uwanjani amepiga magoti anachora mistari ya mpira. Katibu, Phyllis, huandika kila kinachosemwa mkutanoni, hata mtu akipiga chafya. Juu yao kuna bodi ya watu watano, wengi wao wakulima na wafugaji kama mimi, na bila mikono mitatu ya hao kuinuka hakuna kinachobadilika, hata kitasa cha mlango.

Alhamisi LaVonne hupika supu nzito ya nyama na maharage, na pembeni huweka mkate wa mdalasini unaozidi ngumi yangu. Watu wa majimbo mengine hutucheka kwa kula vitu hivyo pamoja. Wacha wacheke, hawajaonja. Huku Nebraska tumekulia hivyo, na siku hiyo wazee wazima hutafuta visingizio vya kupita shuleni. Mimi niliwahi kwenda na bawaba ya geti nikidai nataka walimu waniambie kama imepinda.

Lakini si kwa mapishi tu tulimpenda. Alikuwa akisimama mlangoni mabasi yanapofika, akiwatazama watoto usoni mmoja mmoja, na aliyetoka kwao bila kula alimjua hapohapo. Hakumuuliza kitu. Alimwita tu, "Hebu njoo unionjee huu mkate, mdomo wangu leo hauna ladha." Mtoto akaondoka ameshiba, tena akijiona amemsaidia mtu. Binti yangu alionja mikate mwaka mzima mama yake alipokuwa hospitali, na mimi sikujua mpaka alipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo mnisamehe nikisikika kama nina upande katika habari hii. Ninao.

Mambo yalianza kuharibika pale mwenyekiti wa bodi, Merle Oestreich, alipokwenda kwenye kongamano kule Lincoln akarudi na boksi la vyakula vilivyopikwa kiwandani na kugandishwa. Si mtu mbaya, Merle. Ua wake umenyooka kuliko ua wowote hapa. Ila ni mtu ambaye hata mezani kwake njegere haziruhusiwi kugusa viazi, na chakula kile kilikuja kwenye sinia zenye vyumba, kila kitu chumbani mwake. Akapenda moja kwa moja. Akatoa hoja kwamba ifikapo Mei jiko lifungwe, lori liwe linatuletea sinia kutoka mjini, maili tisini, na kazi ya shule ibaki kuzipasha moto tu.

Bodi ikagawanyika katikati. Wajumbe wawili, akina mama, wakakataa. Merle akaungwa mkono na Gaylen Pruitt, daktari wa mifugo, ambaye hupenda amani na humkubalia yeyote aliyezungumza wa mwisho. Mjumbe wa tano alikuwa ndiyo kwanza amehamia kwa bintiye, kiti chake kiko wazi, na hakuna mtu aliyejaza fomu ya kukigombea. Ukawa uchaguzi wa karatasi tupu: unaandika jina la yeyote unayemtaka. Hakuna aliyefanya kampeni wala kuitisha kikao, lakini kura zilipohesabiwa, LaVonne alikuwa na arobaini na moja.

Na mimi, Vernon Batt, nilikuwa na moja. Mji ulinicheka mwezi mzima. Kila nilipoingia kununua misumari, mtu aliniuliza kama nilijipigia kwa kalamu ya risasi au ya wino. Nilikana mpaka nikachoka. Kosa langu ni kwamba kwa miaka minane nilikuwa nikihudhuria kila mkutano wa bodi bila kuwa mjumbe, mara nyingi nikiwa msikilizaji peke yangu. Mke wangu, Joyce, aliwaambia watu kwamba ananituma huko ili apate kupumua.

LaVonne hakuwa ameomba kiti, lakini alifurahi. Alifurahi kama saa moja hivi. Kisha Duane akaingia jikoni ameshika kofia mkononi. Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo nilikuwepo. Akaeleza kwamba sheria haimruhusu mwajiriwa wa shule kukaa kwenye bodi ya shule hiyohiyo. Akikubali kiti, lazima ajiuzulu upishi. Akikikataa, kanuni inampa mwenyekiti mamlaka ya kuteua mtu wa kukikalia, na kila mtu alijua Merle angemteua shemeji yake, Wendell.

"Kwa hiyo nikitaka jiko libaki, nitoke jikoni," LaVonne akasema.

"Ndivyo ilivyo."

"Na nikibaki jikoni, jiko linafungwa."

Duane akatazama viatu vyake. LaVonne akatugeuzia mgongo akaendelea kukanda unga, na alipojifuta machozi aliacha unga shavuni. Niliumia, tena nilikasirika, maana sisi ndio tuliomwingiza katika mtego huo kwa kumpenda kwetu. Jioni ile akapiga moyo konde, akaandika barua ya kujiuzulu. Alisema heri jikoni apike mwingine kuliko asipike mtu kabisa.

Mkutano wa Januari ulikuwa saa moja jioni, maktaba, kwenye viti vya watoto. Kwa kawaida tunakuwa wanane. Siku ile watu walijaa mpaka kwenye rafu za vitabu vya chekechea, wanaume wazima magoti yamefika kidevuni. Wendell alikuwa mstari wa mbele, amevaa tai.

Barua ya LaVonne ilikuwa ajenda ya sita. Kwetu mtu haachi kazi katikati ya mwaka mpaka bodi imkubalie, na siku zote bodi hukubali, inamshukuru, mambo yanaisha. Merle akakohoa. Akasema mkataba wa mpishi unakwisha Mei, na kwa moyo mzito yeye hawezi kumwachia. Hapo akaanza kumpaka LaVonne mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimsifia mikate, akamsifia usafi, akasema shule hii haiwezi kwenda hata siku moja bila yeye, na kwamba kuwanyima watoto mikono ile kungekuwa ukatili. Alipendezwa na sauti yake mwenyewe, akaongeza na supu. Kura zikapigwa, wawili kwa wawili. Barua ikaanguka. LaVonne akabaki mwajiriwa, na mwajiriwa haapishwi.

Wendell akanyoosha tai, tayari kuteuliwa apige kura ya tatu ya kufunga jiko. Mimi nilitaka kurusha kiti, bahati nilikuwa nimenasa ndani yake.

LaVonne akanyoosha mkono kuomba dakika zake. Mwananchi yeyote anazo dakika tatu, na saa ya kuzipimia ni ileile ya kuchemshia mayai, inayoazimwa jikoni kwake. Akaizungusha mwenyewe, akaiweka mbele ya Merle.

"Phyllis, umeandika aliyosema mwenyekiti?"

"Kila neno."

"Nisomee, dada. Kuna mahali sikusikia vizuri."

Phyllis akavaa miwani akasoma. Akasoma mikate, akasoma usafi, akasoma kwamba shule haiwezi kwenda hata siku moja, akasoma ukatili, mpaka na supu. Kwa sauti ya Phyllis, isiyopanda wala kushuka, yalisikika kama hukumu ya mahakama. Watu wakaanza kuziba midomo.

"Asante. Ajenda ya saba ni nini?" LaVonne akauliza.

"Hoja ya kufunga jiko."

"Basi mimi swali langu ni dogo, mwenyekiti. Kama mapishi yangu ni mabaya, niachie niondoke. Kama ni mazuri hivyo, jiko unalifunga la nini?"

Saa ya mayai ilikuwa ikienda tik, tik, tik. Gaylen, mpenda amani, alikuwa mwekundu usoni hadi masikioni.

"Merle, ndugu yangu," Gaylen akasema, "mimi siwezi kupiga kura mbili zinazotukanana kwenye kikao kimoja. Kesho nina ng'ombe wa watu hawa wa kutibu."

Hoja ya kufunga jiko ilipata kura moja. Yalipigwa makofi ambayo sijayasikia tena maktaba, na LaVonne alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa ncha ya aproni kwa sababu alikuja nayo.

Kikabaki kiti. Merle akamtazama Wendell, na Wendell akawa anafungua tai. Akasema yeye aliahidiwa mkutano mmoja, na kama jiko linabaki haoni kilichobaki cha kufanya. Merle akatazama huku na huku, mtu mzima amechoka, akauliza kama kuna aliyepata kura nyingine yoyote. Phyllis akafunua karatasi. Vernon Batt, akasema, moja. Nikaapishwa nikiwa bado nahangaika kutoka kwenye kiti cha mtoto, na Joyce alicheka kuliko wote.

Alhamisi iliyofuata nikapanga foleni na sinia yangu, safari hii bila bawaba. LaVonne akaniwekea mikate miwili. Nikamwambia rudisha mmoja, mjumbe wa bodi hapaswi kupendelewa, watu tayari wanasema nilijipigia kura.

"Hukujipigia," akasema. "Ni mimi niliyekuandika."

Nikamtazama. "Wewe? Mji mzima unakuandika wewe, nawe unaniandika mimi?"

"Sikujua kama kuna atakayeniandika. Na walivyonipenda wale arobaini na moja, kidogo wanifukuzishe kazi." Akachota supu, akaimimina bila kumwaga tone. "Karatasi ilikuwa tupu, Vernon. Nikajiuliza, ni nani huwa anakuja hata asipoitwa?"

Nilimkumbuka binti yangu akionja ule mkate mwaka mzima.

"Sogea sasa," akaniambia. "Watoto wanangoja."