Bidoni la Wachimba Kaburi

Mama Josée wa Kimanga, pale Uvira, alikuwa prezida wa komite ya wazazi na shule dhidi ya pombe na bangi, na kazi hiyo aliiweza. Mwaka mzima alibisha mlango kwa mlango na karatasi yenye kashe, muhuri wa komite, kila nyumba iahidi kutompa mwanafunzi pombe. Nyumba sitini na mbili ziliweka sahihi, mpaka ya mpika pombe kali ya kanyanga, aliyesema yeye huuzia wakubwa tu, kisha akaomba aelezwe mkubwa ni nani.

Halafu mama mkwe wake akafariki. Kaburi halichimbwi na koo kavu; hilo Uvira mtu hulijua kabla ya katekisimu. Wajomba wote walikuwa na migongo mibovu, hivyo Josée akamwandikia prefe, mkuu wa shule, kwa kashe ileile ya komite, kuomba vijana wanne wa darasa la tano la sekondari. Wakaja na majembe, wangali na mashati meupe ya shule. Josée mwenyewe akawapelekea kanyanga, bidoni la lita tano.

"Mukunywe, batoto. Udongo ya hapa iko nguvu."

Wala hakushtuka. Karatasi ilisema pombe. Huu ulikuwa msiba.

Kesho yake Pitchou, mmoja wa wale wanne, wa miaka kumi na sita, alitapika juu ya daftari la jiometri, akaanguka. Alizindukia hospitalini, mzima. Prefe akaita komite: kijana afukuzwe.

"Nyumba gani ilikupa?"

Pitchou alitazama viatu vyake. "Nilikunywa tu, Prefe."

Wajumbe wote saba walikuwepo mazishini. Bidoni waliliona, wawili walilionja. Lakini nyumba yenye kilio haishtakiwi, na adabu hiyo ikawa inammeza mtoto mchana kweupe. Mama yake, Fabiola, akapiga magoti, tena si mbele ya prefe.

"Mama Prezida, umuhurumie. Ni barafiki babaya banamuharibu."

Fabiola alijua. Siku tatu nzima alikuwa ameosha sufuria za kilio kile.

Josée alikuwa na maneno tayari, mazuri, kuhusu malezi na subira. Alipoyafungulia mdomo, uso ukamwaka hadi masikioni.

"Simama, Mama Pitchou. Barafiki babaya ni miye."

Mzee Cyprien, katibu, aliinua kalamu kana kwamba imemchoma. "Lakini Mama, weye ulikuwa mu kilio. Ya kilio haihesabiwe."

"Mu karatasi tuliandika wapi kama haihesabiwe?"

"Basi niandike nini?"

"Jina yangu."

"Majina yote mawili?"

"Yote, Mzee."

Adhabu ilikuwemo kwenye karatasi. Josée aliitunga mwenyewe, akimwazia mtu mwingine: mwenye nyumba asimame mbele ya shule, siku ya kupandisha bendera, aseme alichofanya. Jumatatu akasimama na kitenge chake cha msiba, mbele ya wanafunzi mia nne. Akasema barua, akasema bidoni, akasema ni yeye aliyewaambia wanywe. Hakuna aliyecheka, na kicheko kingemsaidia.

Katika safu ya tatu Pitchou, ambaye shule ilimbakisha, alikuwa amegeuzia uso ukutani, kama mtoto aliyemkuta mkubwa wake akioga uchi ziwani.