Kijiti Kwenye Mashine Namba Saba

Mzee Grisi hakuwa mzee sana, wala hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na miwili, na mafuta yalikuwa yamemwingia kwenye mistari ya viganja yakagoma kutoka, ingawa alishinda katikati ya sabuni kutwa nzima. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe ameoa kiwanda, yeye ni mke wa pili.

Mashine zote kumi na nne alizijua kwa sauti. Akipita karibu na mojawapo anaweza kusimama, akainamisha kichwa, akasema, "Huyu leo ana kikohozi." Ukiifungua, kweli, unakuta beringi imekwisha. Na ukutani mwa karakana alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, amri aliyomkaririsha kila fundi aliyepita hapo: USIACHE KITU NDANI YA MASHINE.

Halafu kikaja Kioo. Ilikuwa skrini pana iliyotundikwa ukutani, upande wa pili wa amri ile, na mafundi waliiita Kioo kwa sababu kila mmoja alijiona humo: jina lake, na mbele ya jina, idadi ya kazi za matengenezo alizokamilisha mwezi huo. Kijani ni kazi iliyokwisha, nyekundu ni iliyochelewa. Mtaalamu aliyekuja kuwafundisha alitumia nusu saa tu. Mzee Grisi alikaa nyuma, mikono kifuani, akingoja amalize aende zake. Alichoambulia ni kwamba kila kazi ina fomu yake kwenye simu ya kiwanda, na chini ya fomu pana kitufe kilichoandikwa FUNGA.

Kitufe hicho ndicho kilichomponza. Kwake yeye, kufunga mashine ni kuizima na kuitia kufuli asiiguse mtu. "Nimetoka kuitengeneza izunguke, halafu niifunge? Nisimamishe kiwanda kizima kwa kidole?" alijisemea. Basi akawa anajaza fomu kwa uangalifu, anarudisha simu mfukoni, kitufe hakigusi. Wala hakumwuliza mtu. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa, lakini ukishakuwa mwalimu wa karakana nzima, kuuliza kunauma kuliko jino.

Matokeo yake kila asubuhi alikuta sifuri mbele ya jina lake. Na juu kabisa, kijani tupu kama shamba la mpunga, alikuwapo Chiriku.

Chiriku alikuwa fundi wa kike aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mzee Grisi ndiye aliyemfundisha kushika spana, miaka sita iliyopita, na hadi leo Chiriku alimwita Mwalimu. Zamani akimsikia anaitwa fundi hodari, Mzee Grisi alivimba kichwa kama aliyesifiwa yeye. Sasa kila sifa ya Chiriku ilimchoma. Alimwonea wivu, tena wivu mbaya, ule wa kumfanya mtu ahesabu mara ngapi mwenzake amecheka na meneja.

Zaidi ya yote, kulikuwa na cheo. Msimamizi wa karakana alikuwa amestaafu, na meneja alitangaza kwamba Ijumaa atamtaja mrithi wake. "Kioo ndicho kitakachosema," alisema. Mzee Grisi alikuwa amekisubiri cheo hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Chiriku leo ana thelathini na sita," alimwambia mkewe asubuhi moja akifunga viatu.

"Jana ulisema thelathini na tatu. Juzi ishirini na tisa," mkewe akamjibu. "Baba watoto, mwanamke gani mwingine mume wake anamtaja hivi kabla ya chai, naye ananyamaza? Mwenye haki ya kuona wivu humu ndani ni mimi."

Hakucheka.

Siku ya Jumanne aliona kwenye Kioo kitu kilichompandisha presha. Sevisi ya mashine namba saba, ile ya kukatia miche ya sabuni, ilikuwa imehamishiwa kwa Chiriku. Namba saba! Aliifanya yeye mwenyewe wiki iliyopita, akabandika karatasi ya tarehe ubavuni kama kawaida yake. Kumbe ndivyo anavyopata hesabu zake!

Chiriku mwenyewe alimfuata siku hiyohiyo. "Mwalimu, shikamoo. Zile kazi zako, naona huja—"

"Marahaba. Nina haraka," akamkata, akaondoka bila hata spana mkononi.

Saa ya chakula, watu walipotoka, alichomeka kijiti cha kiberiti kwenye upenyo wa kifuniko cha mnyororo wa namba saba. Atakayefungua kifuniko lazima kijiti kianguke. Kama Chiriku ataandika amefanya kazi na kijiti kipo palepale, basi ni mwongo na mwizi, na ushahidi upo.

Alhamisi namba saba ikawa kijani. Chiriku akafikisha arobaini kamili. Mzee Grisi akaenda mbio, akachungulia: kijiti kipo! Siku za mwizi ni arobaini, alijiambia, na kwa mara ya kwanza mwezi huo chai ya kiwandani ilimshuka vizuri.

Ijumaa meneja aliingia karakana na bahasha mkononi. Kabla hajaifungua, Mzee Grisi alisimama akayamwaga yote: namba saba, wizi wa kazi, kijiti. Mafundi wakageuka kumtazama Chiriku. Machozi yalimlengalenga.

"Sikuifungua, kweli," alisema. "Nilikuta karatasi yako ya tarehe, Mwalimu. Kazi yako niikague mimi? Mimi ni nani? Kazi ikikaa siku saba bila kufungwa inahamia kwa mtu wa zamu, nami nazifunga zako zisiwe nyekundu. Kufunga ni kufunga kazi, Mwalimu, si kufunga mashine. Mara ngapi nimetaka kukwambia?"

Meneja akagusa Kioo, maelezo yakajitokeza. Namba saba: *Imefanywa na Mwalimu. Mimi nimefunga tu.* Namba mbili, maneno hayohayo. Namba kumi na moja, hayohayo. Kati ya kazi arobaini, ishirini na saba zilikuwa za Mzee Grisi.

"Chiriku ndiye aliyeniomba nihesabu upya," meneja alisema polepole. "Barua hii ina jina lako, mzee wangu." Akaitazama bahasha, kisha akautazama ukuta wenye maandishi mekundu, akayasoma kwa sauti mpaka mwisho. "Sasa nieleze. Kijiti kiko wapi saa hizi?"

Mzee Grisi aligeuza sikio upande wa namba saba. Mashine ilikuwa inazunguka.

Bahasha ikarudi mfukoni kwa meneja. Namba saba ikasimamishwa, na simu ya Mzee Grisi ikalia: kazi mpya, kuondoa kitu ndani ya mashine. Alikwenda peke yake. Kijiti kilikuwa kimeanza kuzama kuelekea kwenye mnyororo. Akakitoa, akapangusa, akakaza skrubu zote, akasikiliza mashine ilipowashwa. Haikuwa na kikohozi.

Fomu ikamuuliza chanzo cha hitilafu. Uchakavu, vumbi, umeme, mengineyo. Akachagua mengineyo. Eleza, fomu ikasema. Kidole chake kinene kilihangaika kwenye herufi ndogo, kikakosea, kikafuta, kikarudia. Mwishowe akaandika neno moja, akavuta pumzi, akabonyeza FUNGA.

Hakujua kwamba Kioo huonyesha kazi ya mwisho kwa herufi kubwa. Aliporudi alikuta mafundi wote wamesimama mbele ya Kioo. Jina lake lilikuwa na moja ya kijani, na chini yake: *Chanzo: wivu.*

Hakuna aliyecheka. Hata Chiriku alikuwa kimya, jambo ambalo karakana ile haikuwahi kuliona.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "umefunga."

"Nimefunga, mwanangu," akajibu Mzee Grisi. "Nisamehe."