Bastola ya Upepo ya Alphonce

Wewe ungechagua bastola gani ya mashindano kama posho yako haitoshi hata kununua risasi? Alphonce, mwanafunzi wa Kitanzania huku Guangzhou, alichagua ya upepo, ya milimita nne na nusu, maana risasi zake ni za bei ya karanga. Ile ya baruti, kila risasi moja ingemnyima chakula.

"Kaka, hiyo si ya kuulia panya?" Agripina, Mtanzania mwenzake, alimcheka.

"Cheka tu, dada. Medali yangu utaivaa wewe."

Alifanya mazoezi mwaka mzima, na kwenye mchujo akawabwaga wote klabuni. Jioni ileile kocha akamwita. Nafasi ya bastola ya upepo ilikuwa moja tu, na laoban, tajiri anayeifadhili klabu, aliitaka kwa ajili ya mwanawe.

"Wewe utapiga ya baruti," alisema kocha, akitabasamu.

"Mwalimu, sijawahi hata kuishika!"

"Utaishika siku ya mashindano."

Asubuhi iliyofuata Alphonce alimkuta kocha ameinama na msasa, anaupunguza mpini wa mbao wa bastola ileile ya upepo aliyoizoea Alphonce mwaka mzima, ukae vizuri kwenye kiganja chembamba cha mwana wa tajiri. Kijana huyo mwenyewe alikuwa kando, anapiga miayo.