Kuku wa Nyanya Yangu Aliliwa

Sina heshima kubwa kwa watu wa vitabu, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Shule niliiachia darasa la tatu. Nikakata mkonge Mwatate mpaka viganja vikawa kama gome, nikauza mbuzi kando ya barabara kuu pale Miasenyi, na leo ukipita Voi ukaona ukuta umesimama wima, uliza matofali yametoka kwa nani. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukikuta kosa la Kiswahili, lirekebishe kimyakimya, usinipigie simu.

Maktaba ya mjini nilianza kwenda kwa ajili ya gazeti. Napenda kujua nani amekufa, na nyumbani kwangu gazeti huwashiwa jiko kabla sijafika ukurasa wa vifo. Nilichokikuta mle ndani kilinichekesha. Rafu zimejaa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Kimoja kinafundisha kuendesha gari kwenye theluji. Kingine kinaeleza namna ya kusuka mkia wa farasi. Vumbi letu jekundu limevikalia kama mwenye nyumba. Mezani wanafunzi wamejaa, lakini kila mmoja amekuja na daftari lake na simu yake, na kinachogombaniwa ni soketi ya ukutani.

Mkutubi ni mama wa hapa Voi, wa zile familia za Kiislamu zilizopanda kutoka pwani zamani. Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba hata akikufukuza utadhani umekaribishwa.

"Madam," nikamwuliza, "hiki cha farasi huazimwa na nani?"

"Baba yangu, vililetwa, tukavipokea. Ulitaka tuvichome?"

"Nilitaka uvipanguse."

Akacheka, akanipa gazeti. Basi nikaanza kusoma. Na mimi kusoma kimya sijui. Nilifundishwa kwa sauti, darasa zima kwa mpigo, na neno lisipopita mdomoni haliingii kichwani. Sijamaliza marehemu wa pili, nikamwona amesimama mbele yangu.

"Baba, taratibu tafadhali. Watu wanasoma."

"Hawasomi. Wanachaji simu."

Nyuma yangu mtu akaangua kicheko. Ndivyo nilivyojuana na mwandishi.

Alikuwa mwalimu wa sekondari, akastaafu, akarudi kwao huku milimani, na mkoba wa shule bado anautundika begani kana kwamba kengele italia wakati wowote. Ameandika vitabu kadhaa. Jumamosi hukusanya waandishi wenzake hapo maktabani, wanaokoa hadithi za Taita Taveta. Neno ni lake, kuokoa, utadhani hadithi zimetumbukia kisimani. Wanaandaa kitabu cha kuwekwa kwenye rafu hizo hizo za farasi, watoto wa hapa wapate kusoma mambo ya kwao. Aliposikia kuwa nimelelewa Kasigau na nyanya, akanisogelea kama nzi.

"Mzee, una hadithi yoyote ya nyanya?"

Ninayo moja. Sikuwa nimempa mtu, na mpaka leo sielewi kwa nini nilimpa yule. Labda ni kwa sababu aliniuliza. Wanangu, walioko Mombasa na Nairobi, hawajawahi kuniuliza kitu kisichoanza na "baba, tuma."

Akaweka simu mezani inase sauti, akakunja mikono, akanyamaza. Nikasema sentensi moja, nikangoja. Kimya.

"Itikia," nikamwambia.

"Niitikie nini?"

"Sema ehe. Kwetu msikilizaji huitikia. Usipoitikia najua umelala."

"Mzee, sauti yangu itaharibu rekodi."

Mwokozi wa hadithi, huyo. Ilibidi mkutubi aache meza yake aje kukaa nasi aniitikie, ehe baba, ehe, ndipo nikaendelea.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika vita vya kwanza vya wazungu, Waingereza waliwashtaki watu wa Kasigau kwamba wamewaonyesha Wajerumani njia. Wakawaswaga watu mpaka Malindi, wazee kwa watoto. Nyanya alikuwa msichana mdogo. Mama yake alibeba kaka yake aliyekuwa akiumwa. Yeye nyanya alibeba kuku, kamficha ndani ya nguo, tumboni, kamshika mdomo. Askari akamwona vile alivyovimba.

"Huyu mtoto ana nini tumboni?"

"Minyoo," mama yake akajibu.

Askari akaruka nyuma. Kuku akafika Malindi.

Kule joto na homa vikawamaliza watu. Kaka yake akafa. Wakamzika asubuhi. Waliochimba kaburi walikuwa na njaa, na hapakuwa na kitu cha kuwapa, basi mama mtu akamchukua yule kuku akamchinja. Nyanya akala. Na kila aliponisimulia, alipofika hapo alilamba vidole, mkono mkavu usio na kitu, akasema, "Sijawahi kula kuku mtamu kama yule. Mchana wa siku tuliyomzika kaka yangu. Nilikula mpaka mfupa." Halafu hucheka. Halafu huinuka akaenda jikoni.

Hiyo ndiyo hadithi. Mkutubi alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Mwandishi alizima simu, akasema, "Safi sana."

Wiki chache baadaye akaniletea karatasi zimepigwa chapa, akaniambia nizipitie kabla hazijaenda kwa mchapaji. Nikakaa pale pale maktabani nikasoma, kwa sauti. Askari yumo. Minyoo imo, na vizuri tu. Nikafika Malindi. Kuku akataga. Mayai yakaanguliwa. Watu wakarudi Kasigau wakiimba, na vifaranga kapuni, na mpaka leo, aliandika yule bwana, kila jogoo anayewika chini ya mlima wa Kasigau ni wa ukoo wa kuku yule shujaa.

Nikarudi ukurasa wa nyuma. Nikaenda wa mbele.

"Mwalimu, kaka yake yuko wapi?"

"Nilimtoa."

"Umemtoa ukampeleka wapi?"

"Mzee, elewa. Ni kitabu cha watoto. Mtoto hawezi kusomewa kwamba msichana alizika kaka yake asubuhi na mchana akafurahia kuku. Watamwona hana utu. Nimemlinda nyanya yako."

"Nyanya yangu umemlinda? Ulikuwepo Malindi?"

"Huo unaitwa ubunifu, mzee. Hadithi lazima impe msomaji matumaini."

"Unajua watu wa Kasigau walivyokuwa na njaa? Kuku angeishi kwa miujiza gani? Hata leo ndovu wakipita shambani usiku wakamaliza mahindi, asubuhi yake kuku hana uhakika wa maisha."

Wanafunzi wakaanza kucheka. Mkutubi akaja mbio mbio na kidole mdomoni.

"Baba, sauti."

"Wewe ulikuwepo, Madam. Ulilia. Mwambie."

Akamtazama mwandishi, akanitazama mimi. Mwanamke mzima, amezungukwa na vitabu mchana kutwa, akashindwa kuchagua. "Mwalimu ndiye anayejua mambo ya uandishi," akasema. "Mimi huweka kitabu kwenye rafu kama kilivyoletwa."

"Kama cha farasi."

"Kama cha farasi, baba." Kisha akanipiga mahali nisipotegemea. "Lakini na wewe, niwie radhi, wanao wanaijua hadithi hii? Au ukifa tutabaki na ya mwalimu peke yake?"

Nilichukia kwa sababu alikuwa sahihi, na mtu sahihi anachosha. Mimi nina miaka mingi, sina ahadi na mtu kuhusu kesho. Karatasi zile zikichapwa, ndivyo itakavyokuwa: huyo kaka hakuzaliwa, kaburi halipo, na nyanya amekuwa mfugaji.

Nikamwambia mwandishi neno la mwisho. "Tofali langu likivunjika, mteja hunirudishia mlangoni na matusi juu. Wewe ukivunja, unapigiwa makofi. Mrudishe kaka yake, mchinje kuku, au mtoe nyanya yangu humo kabisa."

"Mzee, hadithi ikishaandikwa ni mali ya mwandishi."

Nikaweka gazeti mezani, nikatoka. Nikakaa nyumbani, gazeti likawashiwa jiko, nisijue nani amekufa.

Kwa hiyo aliyekufa ilibidi niambiwe. Mkutubi ndiye aliyenipigia simu. Dada mkubwa wa mwandishi amefariki, yule aliyemlea baada ya mama yao, aliyeuza mboga Mwatate mpaka mdogo wake akawa mwalimu. Mazishi ni huko kwao juu milimani.

"Najua mmekosana," akasema, "lakini twende, baba. Msiba hauna ugomvi."

Nikaenda. Si kwa mapenzi. Nilienda kwa sababu mzee wa rika langu asipoonekana mazishini watu huanza kuuliza kama ni mgonjwa.

Mwandishi alikuwa amekwisha. Shati limemlegea shingoni, macho yameingia ndani. Wakwe walinong'ona kwamba tangu dada alipolazwa hakuna chakula kilichopita kooni mwake, chai tu, na hiyo kwa kubembelezwa. Walimpa nafasi aseme machache kaburini. Mtu wa maneno yote yale, alifungua mdomo akasema, "Dada alikuwa," akaishia hapo. Padri akaendelea. Udongo ukarudishwa, maua yakawekwa, watu wakateremka kula.

Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kujisaidia. Ndipo nikamwona. Amekaa juu ya kigogo karibu na jiko la kuni, peke yake, mkoba umeanguka kando, na sahani ya kuku wa kienyeji magotini. Alikuwa anakula kwa mikono yote miwili. Mchuzi umefika kwenye kiwiko. Alivunja mfupa kwa meno akaufyonza, akachukua mwingine. Tai ya mazishi alikuwa ameitupia begani kama mtoto wa shule.

Nilingoja mpaka anione. Aliponiona, taya zikasimama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, niliyapanga mwezi mzima, na nilijua nikisema lolote kati ya hayo lingempata barabara. Nikavuta kigogo kingine, nikakaa.

"Kuku ni mtamu?" nikamwuliza.

Akatazama sahani. Akatazama mikono yake. Machozi yakaanza kushuka, lakini mkono haukuachia paja la kuku.

"Mtamu sana, mzee," akasema. "Mungu anisamehe. Mtamu sana."

"Ehe," nikamwitikia.

"Sijui nimeanzaje. Nimetoka tu kaburini, nikasikia harufu."

"Ehe."

"Alipenda kunipikia hivi. Angeniona angenicheka."

"Ehe."

Ndani watu walikuwa wakiomba chumvi. Akapangusa pua kwa mkono wa shati, kwa sababu vidole havikufaa.

"Zile karatasi hazijaenda kwa mchapaji," akasema. "Nitamrudisha kaka yake."

"Na kuku?"

"Nitamchinja."

"Na vidole?"

"Atavilamba, mzee."

Angeweza kuniuliza mapema nikamwonyesha njia fupi zaidi ya hiyo, lakini waliosoma ndivyo walivyo. Nikamwambia amalize kwanza, mchuzi ukipoa unaganda mafuta.